Kidonge Kisicho na Jina

Ni nyumba chache katika nchi yetu zisizokuwa na akiba ya vidonge vilivyobaki. Vingine viliachwa na mgonjwa aliyepona kabla ya kuvimaliza, vingine vililetwa na jamaa kutoka mjini, na vingine vilinunuliwa viwili viwili dukani siku ambayo fedha hazikutosha kununua pakiti nzima. Hukaa pamoja ndani ya kikopo, juu ya kabati au chini ya mto. Baada ya miezi michache, kilichosalia katika kumbukumbu za wenye nyumba si jina la dawa bali kazi yake tu: hiki ni cha homa, hiki ni cha tumbo, na hiki ni cha mgongo, cha kulegeza misuli.

Makala haya yanahusu kidonge hicho cha mwisho. Mtu akikikuta, naye mgongo unamuuma, atawezaje kukitambua kwa usalama? Wengi hutarajia wataalamu wawafundishe alama za kutazama: rangi, umbo, ukubwa, mstari wa katikati. Maoni yangu ni kinyume cha matarajio hayo. Kidonge kilichopoteza jina lake hakitambuliwi kwa macho, si kwa macho ya mkulima, wala ya muuza duka, wala ya daktari. Kwa hiyo juhudi zetu zielekezwe katika kulinda jina la dawa tangu linapotoka kiwandani hadi linapofika mkononi mwa mgonjwa, na si katika kujifunza kukisia baada ya jina kupotea.

Mkoa wa kazi za mgongo

Nimechagua kuutazama mkoa wa Mara kwa sababu hali yake inalionyesha jambo hili waziwazi. Mara ni mkoa wa kazi za mgongo. Wavuvi wa Musoma huvuta nyavu usiku kucha na kupakua mizigo Mwigobero alfajiri. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Buhemba, katika wilaya ya Butiama, huinama mashimoni na kubeba mawe kwa viroba. Wakulima wa Bunda hulima pamba na mihogo kwa jembe la mkono, na vijana wa pikipiki hukaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, wakirushwa na kila bonde la barabara. Hakuna ajabu, basi, kwamba maumivu ya mgongo, shingo na viuno ni malalamiko ya kila siku, na kwamba dawa ya kuyatuliza hutafutwa sana.

Tena Mara ni mkoa wa njia. Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Bunda na Kiabakari, hufika Makutano, ambako mmoja huelekea Musoma na mwingine Butiama, kisha huendelea hadi Sirari mpakani mwa Kenya. Ziwa nalo ni njia ya kwenda Ukerewe, Kenya na Uganda. Bidhaa hufuata njia hizo, na vidonge ni bidhaa nyepesi kuliko zote. Dawa moja inaweza kuwa na jina moja la biashara huku na jina jingine kabisa ng'ambo ya mpaka, rangi moja huku na rangi nyingine kule. Mvuvi aliyepewa vidonge na mwenzake katika kambi ya kisiwani hana njia ya kujua vilianzia wapi.

Si dawa moja, ni kundi

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba "dawa ya kulegeza misuli" ni dawa moja. Ni kundi la dawa zenye tabia zinazotofautiana sana, ambazo kwa kawaida hutolewa kwa cheti cha daktari. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Nyingi kati ya dawa hizi hazigusi msuli hata kidogo, bali hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo kwa kupunguza amri zinazoufanya msuli ukaze. Ndiyo maana huleta usingizi, kizunguzungu na ulegevu wa fikra. Msuli unalegea kwa sababu mwenye msuli amelegezwa.

Diazepamu, inayojulikana kwa wengi kama valiamu, iliingia sokoni mwaka 1963. Hutuliza wasiwasi, huzuia degedege na hulegeza misuli. Ikitumiwa kwa muda mrefu humfanya mtu awe mtumwa wake, na tangu mwaka 1984 imo katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Baklofeni hupewa watu ambao misuli yao imekakamaa kwa sababu ya maradhi ya ubongo au uti wa mgongo. Mtu mwenye figo dhaifu akiimeza huweza kuzama katika usingizi mzito, na aliyeizoea akiiacha ghafla huweza kupatwa na kifafa. Tizanidini hushusha shinikizo la damu. Ikikutana mwilini na siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria inayotumika sana nchini mwetu, nguvu yake huongezeka mara nyingi na mgonjwa huweza kuanguka na kuzimia.

Methokabamoli huweza kubadili rangi ya mkojo ukawa wa kahawia au kijani, na mtu asiyejua hudhani amepata ugonjwa mpya. Klorizoksazoni aghalabu huchanganywa ndani ya kidonge kimoja na parasetamoli pamoja na diklofenaki au ibuprofeni. Anayemeza mchanganyiko huo, kisha akaongeza vidonge vya kawaida vya maumivu, hujizidishia parasetamoli na kuliweka ini lake hatarini, na mwenye vidonda vya tumbo huweza kutokwa na damu tumboni. Karisoprodoli hugeuzwa na ini kuwa dawa nyingine yenye uraibu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza isimamishwe sokoni, na Marekani iliiweka chini ya udhibiti mwaka 2012.

Msomaji ataona kwamba maneno "ni ya kulegeza misuli" hayatoshi kumwambia mtu kama kidonge kinamfaa. Dawa isiyomdhuru jirani huweza kumdhuru yeye, kwa sababu ya figo, ini, mimba, pombe aliyokunywa jioni, au dawa nyingine anayoitumia. Na pombe ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Dawa hizi pamoja na pombe, iwe ya kiwandani au gongo, huzidishiana nguvu katika kulipunguza pumzi. Mtu hulala, pumzi ikawa fupi, ikawa ya taratibu, na asubuhi asiamke.

Macho yanavyodanganya

Tuchukue kidonge kidogo cha duara, cha rangi ya njano. Huweza kuwa diazepamu. Huweza pia kuwa dawa ya mafua na mzio ambayo wengi huiita piritoni. Huweza kuwa asidi ya foliki wanayopewa akina mama wajawazito. Huweza kuwa haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Sasa tuchukue kidonge cheupe cha duara. Huweza kuwa baklofeni au tizanidini, au parasetamoli, au glibenklamidi ya wagonjwa wa kisukari, ambayo mtu asiye na kisukari akiimeza sukari ya mwili wake hushuka hadi akapoteza fahamu. Watengenezaji ni wengi, nao huchagua rangi na umbo kwa sababu za biashara. Hakuna sheria ya maumbile wala ya nchi inayosema kwamba dawa fulani lazima iwe na rangi fulani.

Atatokea msomaji atakayesema kwamba vidonge vingine vina herufi na tarakimu zilizochapwa juu yake. Ni kweli. Nchini Marekani kanuni iliyotungwa mwaka 1993, ikaanza kutumika mwaka 1995, ilitaka takriban kila kidonge kiwe na chapa ambayo, pamoja na ukubwa, umbo na rangi, hukitofautisha na vingine vyote vinavyouzwa huko. Kwa chapa hiyo mfamasia hufungua orodha na kupata jina. Lakini orodha hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Vidonge vingi vinavyofika Musoma hutoka katika viwanda vya India, Kenya na kwingineko, na vingi havina chapa yoyote ila mstari wa kukatia. Anayetumia simu yake kutafuta kidonge cha Bunda katika orodha ya Marekani anaweza kupata jibu, na jibu hilo likawa la kidonge kingine kabisa kinachofanana nacho. Jibu la uongo lililotolewa kwa uhakika ni baya kuliko kukosa jibu.

Hapa kwetu baadhi ya dawa zinazosambazwa na Bohari ya Dawa hubeba herufi GOT, kuonyesha kwamba ni mali ya Serikali, ili zisiibwe na kuuzwa. Hatua hiyo ni njema, nayo inathibitisha kwamba kuchapa kidonge si jambo lisilowezekana. Lakini tuielewe vizuri: herufi hizo humwambia mtu mwenye mali ni nani, hazimwambii ndani yake kuna nini.

Funzo la Ituri

Pengine mtu ataona kwamba nakuza jambo dogo. Basi na tutazame yaliyotokea katika eneo la maziwa makuu, ng'ambo ya Uganda, huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mwishoni mwa mwaka 2014 zahanati na hospitali za Ituri zilianza kupokea wagonjwa wenye dalili za ajabu. Misuli ya uso, shingo na mikono ilikazana yenyewe. Vichwa vilipinda upande, ndimi zilitoka nje, wengine wakashindwa kumeza. Wengi wao walikuwa watoto. Kwa kuwa shingo kukakamaa ni dalili inayojulikana ya homa ya uti wa mgongo, ugonjwa huo ndio ulioshukiwa kwanza, kwa maana eneo hilo limewahi kupatwa nao. Lakini uchunguzi haukuuthibitisha. Miezi ilipita, na idadi ya waliolazwa ikaendelea kupanda hadi kuvuka 1,000 katika mwaka 2015. Wengine walifariki.

Chanzo kilipopatikana kilikuwa ndani ya kopo la vidonge. Vidonge vya njano vilivyokuwa vikitolewa kama diazepamu, kutoka katika makopo yenye maandishi ya diazepamu, vilipopimwa maabara vilikutwa na haloperidoli. Mwezi Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote za Afrika ya Kati na jirani zake.

Msomaji aone ukubwa wa mkasa huu. Diazepamu hulegeza misuli. Haloperidoli, kwa mtu ambaye hakuandikiwa, na hasa kwa mtoto, huweza kuikaza misuli ya shingo, uso na ulimi, kwa sababu huzuia kemikali ya ubongo inayoratibu mwendo wa mwili. Mgonjwa alipewa kinyume cha kile alichoandikiwa. Na kwa kuwa diazepamu ndiyo dawa ambayo mkono wa mhudumu huikimbilia anapomwona mtu akikakamaa, si vigumu kuona jinsi dawa ya uongo inavyoweza kuzidisha maradhi ambayo yenyewe imeyaleta.

Wahudumu wa Ituri hawakuwa wazembe. Walisoma lebo ya kopo, nayo ilikuwa ya uongo. Walitazama kidonge, na kidonge hakikuwa na sauti ya kuikanusha lebo. Ikiwa wauguzi na madaktari, wenye vidonge mkononi na wagonjwa mbele yao, hawakuweza kwa miezi kadhaa kukitambua kidonge kwa macho, mwananchi wa Kiabakari atakitambuaje akiwa peke yake nyumbani, usiku, kwa mwanga wa tochi?

Maabara nayo huuliza jina

Labda tutasema: basi vipelekwe maabara. Maabara ni msaada mkubwa, ila yafaa tufahamu inavyofanya kazi. Katika njia mojawapo, kidonge husagwa, huyeyushwa, na tone lake huwekwa juu ya bamba lenye tabaka jembamba la unga maalumu. Kimiminika hupanda katika bamba na kuivuta dawa pamoja nacho. Kila dawa husimama mahali pake. Lakini ili mpimaji ajue mahali hapo ni pa nani, huna budi kuweka pembeni tone la dawa halisi ambayo jina lake linajulikana, kisha kulinganisha. Mashine kubwa zinazotumia mionzi ya infraredi nazo hufanya vivyo hivyo: huchora picha ya dawa na kuilinganisha na picha zilizohifadhiwa.

Kwa maneno mengine, swali "je, hiki ni diazepamu kama lebo inavyosema?" hujibiwa upesi na kwa gharama ndogo. Swali "hiki ni nini?" huweza kuchukua siku nyingi na vifaa vya thamani. Hata sayansi, pamoja na uwezo wake wote, huanza kazi kwa kuuliza jina. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyorithi mwaka 2019 kazi za udhibiti wa dawa zilizofanywa na mamlaka ya chakula na dawa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina ofisi na maabara Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Maabara hiyo ipo kwa ajili ya kulinda soko zima. Haiwezi kuwa mahali pa kupeleka kila kidonge kilichookotwa kabatini.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila kumi za tiba zilizopimwa ilikuwa hafifu au bandia. Kidonge kisicho na jina kina hatari mbili, basi: hatujui kilikusudiwa kuwa nini, wala hatujui kama ndicho.

Mwananchi afanye nini

Kanuni ya kwanza haina masharti: kidonge usichokijua usikimeze, usikionje, wala usimpe mwingine. Hata kipande hakifai. Kuonja si kupima.

Pili, kitunzwe pamoja na kila kitu kilichokuwa nacho. Karatasi iliyochanika, kibahasha chenye herufi mbili, kipande cha pakiti chenye nusu ya neno, vyote ni ushahidi. Kama kiko katika pakiti yenye mgongo wa karatasi ya bati, geuza upande huo na usome jina la dawa, uzito wake kwa miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina linalotakiwa ni la dawa yenyewe, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Tatu, kifuatwe kilikotoka. Daftari la mgonjwa, cheti cha daktari au stakabadhi ya duka mara nyingi hutaja dawa iliyotolewa. Kisha kipelekwe kwa mfamasia, iwe katika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere huko Kwangwa, Musoma, au katika hospitali na maduka ya dawa yenye mfamasia huko Bunda na Butiama. Kuuliza si ujinga. Na mfamasia akijibu kwamba hawezi kukitambua kwa hakika, jibu hilo liheshimiwe: ni jibu la mtaalamu anayeijua mipaka ya elimu yake. Kidonge hicho kiachwe hapo hapo ili kiteketezwe kwa utaratibu. Kisitupwe chooni, wala jalalani ambako watoto huokota, wala ziwani.

Nne, endapo mtu amekwisha kukimeza, kisha akasinzia kupita kiasi, akaongea kwa kukokota ulimi, akayumba, shingo ikapinda au pumzi ikawa ya taratibu, apelekwe haraka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Asitapishwe. Asinyweshwe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi, kwa maana mwenye usingizi hupaliwa kwa urahisi. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, alazwe kwa ubavu. Mwenye kumpeleka abebe vidonge vilivyobaki na vifungashio vyake, na aseme ukweli kuhusu pombe na dawa nyingine. Mtoto aliyemeza hata kidonge kimoja asisubiriwe hadi dalili zitokee.

Jina lisipotee

Hayo ni ya kuzima moto. La muhimu zaidi ni kuzuia moto usiwake. Jina la dawa hupotea mahali panapojulikana: pale vidonge vinapomiminwa kutoka kopo la 1,000 na kutiwa ndani ya kibahasha kilichoandikwa "1x3" tu, na pale mkasi unapokata pakiti vipande vipande hadi vidonge viwili vya mwisho vikatoka bila neno. Kibahasha cha "1x3" humwambia mgonjwa ameze mara ngapi. Hakimwambii anameza nini. Siku tatu baadaye, hata aliyempa hakumbuki.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa. Inasemwa kwamba foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja. Inasemwa kwamba mwananchi hununua vidonge viwili kwa kuwa hana fedha za kumi, na kumnyima ni kumnyima tiba. Inasemwa pia kwamba wagonjwa wengine hawajui kusoma. Najibu hivi. Kuandika neno moja, "baklofeni", hakuchukui muda mrefu kuliko kuandika "1x3". Maskini anunue vidonge viwili, lakini anunue na jina lake. Umaskini wa mfuko usiwe sababu ya kumwongezea hatari. Na asiyesoma ana mtoto shuleni, ana jirani, na kesho yake atakuwa na daktari anayesoma. Jina lililoandikwa haliandikwi kwa ajili ya mgonjwa peke yake, bali kwa ajili ya yeyote atakayemhudumia siku ya hatari.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, dawa zinazotenda kazi katika ubongo, zikiwemo zote za kulegeza misuli, zisiingizwe nchini katika makopo ya kumimina, bali katika pakiti ambazo jina na miligramu vimechapwa nyuma ya kila kidonge, ili mkasi ukate popote bila kukata jina. Pili, Mamlaka ya Dawa, ambayo hupokea maelezo ya umbo, rangi na chapa ya kila dawa inapoombewa usajili, iyakusanye maelezo hayo pamoja na picha katika orodha moja ya Kiswahili iliyo wazi kwa kila mfamasia na kila zahanati. Orodha hiyo haitamfanya mwananchi kuwa mtambuzi wa vidonge, wala haikusudiwi hivyo. Itampa mtaalamu wa Bunda chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Bunda. Mamlaka za nchi jirani, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa, zingeweza kuiunganisha na za kwao, maana vidonge havisimami Sirari kuonyesha pasi.

Tatu, elimu. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", ambapo wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni ile haikumtaka mwananchi awe daktari. Ilimtaka ajue mambo machache na ayatende. La kutenda hapa ni dogo kuliko kuchimba choo. Kila mtu anayepokea dawa, katika dirisha la hospitali au katika duka la kijijini, aulize, "Dawa hii inaitwaje?" na asiondoke mpaka jina limeandikwa. Mhudumu aliyezoea kuulizwa ataanza kuandika kabla ya kuulizwa.

Msomaji mwenye kikopo cha vidonge nyumbani anaweza kuanza leo. Akifungue, avitenge vyenye majina na visivyo na majina, na vile visivyo na majina avipeleke kwa mfamasia mara atakapopita mjini. Mgongo utaendelea kuuma kidogo hadi siku hiyo, na maumivu hayo yanavumilika.